Jinsi ya Kuchagua Rekoda ya Kamera za Ulinzi Nyumbani: Mwongozo Kamili

Mtu akiamua kufunga kamera nyumbani, mjadala wote huwa juu ya kamera: ipi inaona mbali, ipi inaonyesha rangi usiku, ipi inazunguka. Rekoda, mashine inayohifadhi video za kamera, huja mwishoni, na mara nyingi huchukuliwa ile inayotoshea fedha zilizobaki. Mpangilio huo umepinduka. Kamera nzuri ikiunganishwa na rekoda dhaifu itakuonyesha picha safi kwenye simu kila siku, kisha siku ya tukio utatafuta video ya usiku ule ukute imeshafutwa, au inakatikakatika, au saa iliyoandikwa juu yake haiaminiki.

Kwa hiyo anza na siku hiyo ya tukio, kisha rudi nyuma. Ukijua utahitaji kuona nini, na utakihitaji baada ya siku ngapi, maswali mengine yote kuhusu aina ya rekoda, diski, umeme na mtandao yatapata majibu kwa urahisi.

Hatua ya 1: Andika swali ambalo kila kamera italazimika kulijibu

Chora ramani ya nyumba kwenye karatasi, hata iwe mbaya. Weka alama kila mahali unapofikiria kuweka kamera, na kando ya alama andika swali moja. Mlangoni: nani aliingia? Hapo unahitaji sura ya mtu. Ua wa nyuma: kuna mtu alipita? Hapo umbo linatosha. Maegesho: gari lipi, na namba yake ni ipi?

Maswali haya yana vipimo vyake. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kinapima uwezo wa kamera kwa idadi ya pikseli (nukta zinazounda picha) katika kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana. Ili kujua tu kwamba kuna mtu, pikseli 25 kwa mita zinatosha. Kumtambua mtu unayemfahamu huhitaji pikseli 125. Kuthibitisha sura ya mgeni bila shaka, kiasi cha kumwonyesha mtu mwingine picha naye akasema "ni huyu", huhitaji pikseli 250.

Hesabu yake ni ya kugawanya tu. Kamera ya megapikseli 4 (yaani pikseli milioni 4 hivi) ina pikseli 2,560 kwa upana. Ikielekezwa mahali ambapo picha yake inafunika upana wa mita 10, unapata pikseli 256 kwa mita, yaani sura inatambulika. Kamera hiyohiyo ikifunika upana wa mita 20, unabaki na 128: jirani utamjua, mgeni huenda usimjue. Ya megapikseli 2 (pikseli 1,920 kwa upana) inaweza kutoa sura ya mgeni kwenye upana usiozidi mita 7.7. Fanya hesabu hii kwa kila alama kwenye ramani yako. Utagundua kwamba baadhi ya sehemu hazihitaji kamera kubwa hata kidogo, na hiyo ni nafuu kwa rekoda, kwa sababu kila pikseli ya ziada inakula nafasi kwenye diski mchana na usiku.

Kisha jiulize: tukio likitokea, nitalijua baada ya muda gani? Mlango uliovunjwa utauona asubuhi. Kifaa kilichotolewa stoo huenda ukakikosa baada ya wiki tatu. Kama mna kawaida ya kusafiri mwezi mzima na kuacha nyumba imefungwa, video ya siku 7 haitakusaidia kitu. Kwa nyumba ambayo watu wanaishi kila siku, mimi naona siku 14 ni kiwango cha chini, na siku 30 ndizo zinazompa mtu utulivu.

Hatua ya 2: Chagua aina ya rekoda

Kuna familia mbili kubwa, DVR na NVR. Tofauti yao iko mahali ambapo picha inageuzwa kuwa data.

DVR hupokea mawimbi ya picha kutoka kwa kamera kupitia kebo ya koaksi (ya mviringo, kama ya antena ya televisheni), kisha yenyewe ndiyo inayoyageuza kuwa data, kuyabana na kuyahifadhi. Kamera za kisasa za koaksi si zile za zamani zenye picha ya ukungu. Mifumo ya HD-TVI, HD-CVI na AHD inafikisha megapikseli 2, 5, hata 8. Kebo ya koaksi pia inavumilia umbali mrefu kuliko kebo ya mtandao. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida kila kamera inahitaji waya wa umeme wa pembeni, na rekoda moja ikizidiwa na kazi ya kubana video, kamera zote zinashuka ubora kwa pamoja. Soma vizuri sifa zake: baadhi ya DVR zinatangazwa kuwa za megapikseli 5, lakini kwenye ubora huo zinarekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) chache sana kwa sekunde.

NVR hupokea video iliyokwisha kugeuzwa kuwa data na kubanwa ndani ya kamera yenyewe. Kebo moja ya mtandao hubeba picha, sauti na umeme pamoja, ikiwa rekoda au swichi (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao) ina PoE, yaani uwezo wa kupitisha umeme kwenye kebo hiyo. Ukitaka kamera moja ya megapikseli 8 mlangoni na nyingine tatu za megapikseli 2 uani, NVR haina shida.

Kama kuta zako tayari zina kebo za koaksi na zina afya, usizing'oe. Chukua DVR mseto, ambayo wauzaji wengi huiita XVR: inapokea kamera za koaksi na kukuruhusu kuongeza chache za mtandao. Kama unaanza upya, au nyumba bado inajengwa, weka kebo za mtandao na NVR. Sioni sababu ya kufanya vinginevyo leo.

Njia nyingine zipo, na ni vyema kujua zinafaa wapi.

Kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera ni nzuri kama akiba, lakini usiifanye hifadhi pekee. Kadi ya gigabaiti 128 kwenye kamera inayotoa megabiti 4 kwa sekunde hujaa kwa siku 3 hivi, kisha huanza kufuta za zamani. Na mwizi akiing'oa kamera, ameondoka na ushahidi wake mwenyewe. Ukitumia kadi, chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandikwa mfululizo; za kawaida za simu huchoka mapema.

Hifadhi ya wingu ina faida moja kubwa: rekoda ikiibwa, video inabaki. Gharama yake iko kwenye intaneti. Kamera moja ya megabiti 4 kwa sekunde ikirekodi bila kupumzika hupakia karibu gigabaiti 1,300 kwa siku 30. Ndiyo maana huduma nyingi za wingu za nyumbani hupakia vipande vifupi tu vya matukio. Mimi hupenda mchanganyiko: rekoda nyumbani irekodi saa 24, na wingu lichukue vipande vya kamera ya mlangoni peke yake.

Kompyuta au NAS (kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani) yenye programu ya kamera inampa mtu uhuru mkubwa, hasa kama anapenda kushughulika na mambo hayo. Angalia kwanza leseni, maana baadhi ya NAS huja na ruhusa ya kamera chache tu na zinazozidi hulipiwa. Kwa familia ambayo hakuna mtu wa kuishughulikia programu ikigoma, NVR ya kawaida ni salama zaidi.

Hatua ya 3: Usihesabu chaneli tu, soma na kasi ya data inayoingia

Idadi ya chaneli, yaani nafasi za kamera, ni rahisi: una kamera 5, nunua rekoda ya chaneli 8. Daima acha nafasi. Mtu akishaonja faida ya kamera ya mlangoni, kesho atataka ya stoo na keshokutwa ya kibaraza.

Jambo linalopitwa na wengi limeandikwa kwa herufi ndogo: kasi ya juu ya data ambayo rekoda inaweza kupokea kutoka kwa kamera zote kwa pamoja. Tuseme NVR ya chaneli 8 imeandikiwa megabiti 80 kwa sekunde. Maana yake kila kamera, kwa wastani, isizidi megabiti 10. Ukifunga kamera 8 za megapikseli 8 na kila moja ikitoa megabiti 12, jumla ni 96, na rekoda haiwezi. Itakataa kamera ya mwisho, au itaanza kuangusha fremu bila kukuambia. Chaneli 8 zilizoandikwa kwenye boksi ni za kweli. Ila hazikuahidiwa kwa ubora wowote utakao.

Karibu na hapo kuna kipimo kingine, uwezo wa kufungua video zilizobanwa kwa ajili ya kuzionyesha. Rekoda inaweza kurekodi kamera 8 za megapikseli 8, lakini ikaweza kukuonyesha moja au mbili tu kwa ubora kamili kwenye skrini. Zilizobaki utaziona kwa mkondo mdogo wenye ubora hafifu. Kwa nyumbani hilo si tatizo kubwa. Linakuwa tatizo unapotaka kurudia video za kamera nne kwa wakati mmoja ili umfuate mtu kutoka geti hadi mlango wa jikoni, na mashine inakwama.

Hakikisha pia rekoda inasoma H.265, mbinu ya kubana video. Mbano wa H.264 ulikubaliwa kuwa kiwango mwaka 2003, H.265 ulifuata mwaka 2013, na lengo lake lilikuwa kutoa ubora uleule kwa takribani nusu ya data. Kwa mtu anayelipia diski, hiyo ni tofauti ya kweli. Watengenezaji wana aina zao za mbano "erevu" zinazoahidi kupunguza zaidi. Hufanya kazi vizuri mahali patulivu, kama korido. Mbele ya mti unaopepea au usiku wa mvua, data hupanda tena, kwa hiyo usinunue diski ndogo kwa kuziamini.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya diski mwenyewe

Hapa usimwachie muuzaji. Kuna kanuni moja tu ya kukumbuka: kila megabiti 1 kwa sekunde, ikirekodiwa saa 24, huzaa gigabaiti 10.8 kwa siku. Imetokana na sekunde 86,400 za siku, kugawanya kwa biti 8 zinazounda baiti moja.

Kwa H.265 na fremu 15 kwa sekunde, kadirio la kuanzia ni megabiti 2 kwa kamera ya megapikseli 2, megabiti 4 kwa ya megapikseli 4, na megabiti 8 kwa ya megapikseli 8. Haya si maandiko matakatifu. Wewe ndiwe unayeiweka kasi hiyo kwenye mipangilio ya kamera, na unaweza kuipandisha au kuishusha baada ya kuona picha. Fremu 15 zinatosha nyumbani. Mtu anayetembea, hata anayekimbia, anaonekana vizuri. Fremu 30 hunenepesha tu video.

Chukua nyumba yenye kamera 4 za megapikseli 4 na kamera 2 za megapikseli 2. Nne mara nne ni 16, ongeza 4, unapata megabiti 20 kwa sekunde. Zidisha kwa 10.8: gigabaiti 216 kwa siku. Kwa siku 14 unahitaji gigabaiti 3,024, kwa hiyo diski ya terabaiti 4 inatosha na inakupa siku 18 hivi. Kwa siku 30 unahitaji gigabaiti 6,480, na hapo diski ni ya terabaiti 8.

Ukiifunga diski ya terabaiti 4, rekoda itakuandikia kama gigabaiti 3,726. Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, mashine inahesabu kwa 1,024, na nafasi ni ileile.

Je, kurekodi mwendo tu hakupunguzi? Kunapunguza, mara nyingine sana. Lakini mimi huwashauri watu warekodi mfululizo na kuacha utambuzi wa mwendo uweke alama tu kwenye mstari wa muda. Utambuzi wa mwendo hukosea. Mtu anayetembea taratibu mbali na kamera gizani anaweza asiamshe chochote, na huyo ndiye uliyenunulia kamera. Kama diski hailingani na mpango huo, fanya nusu kwa nusu: mlango na geti zirekodi mfululizo, sehemu nyingine kwa mwendo, na sekunde chache za kabla ya tukio ziwe zimewashwa, ili usipate video ya mtu akiwa ameshakupa mgongo.

Hatua ya 5: Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi hii

Diski ya kompyuta ya nyumbani imezoea kuamka, kufungua mafaili na kupumzika. Diski ya rekoda haipumziki. Baadhi ya diski za kompyuta zimepimwa kwa saa 2,400 za kuwaka kwa mwaka, ilhali mwaka una saa 8,760. Diski za ulinzi, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zimeundwa kuwaka muda wote, na matoleo yake ya kawaida yanakadiriwa kubeba terabaiti 180 za kazi kwa mwaka. Nyumba yetu ya mfano inaandika karibu terabaiti 79 kwa mwaka, kwa hiyo bado kuna nafasi nzuri ya kupumua.

Kabla ya kulipa angalia mambo mawili. Rekoda ina ukomo wa ukubwa wa diski kwa kila nafasi. Nyingine huishia terabaiti 6 au 8, na diski kubwa kuliko hapo haitasomwa vizuri. Pili, tafuta neno CMR kwenye sifa za diski, yaani data yake hailaliani. Diski za SMR hupanga data kwa kulaliana kama vigae vya paa, na kuandika upya juu yake huchelewa, jambo ambalo rekoda inalifanya kila dakika ikishajaa.

Diski mbili ndani ya rekoda moja zinaweza kutumika kwa namna mbili: kuongeza siku, au kuandika kitu kilekile mara mbili kwa RAID 1 ili moja ikifa nyingine ibaki. Kwa nyumbani ningechagua kuongeza siku. Hatari kubwa zaidi ya nyumbani ni rekoda nzima kubebwa, na RAID haizuii hilo.

Ukinunua rekoda ikiwa na diski ndani, fungua mipangilio na usome jina la diski hiyo. Diski iliyotumika hujieleza yenyewe: kwenye taarifa zake za SMART (kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea) kuna saa ilizowahi kuwaka. Diski "mpya" yenye saa 20,000 imefanya kazi zaidi ya miaka miwili mahali pengine.

Hatua ya 6: Umeme

PoE ya kiwango cha IEEE 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa kila poti, na kiwango cha 802.3at hufikia wati 30. Kebo isizidi mita 100 kutoka rekoda au swichi hadi kamera. Hayo watu wengi wanayajua. Wasichokiangalia ni jumla: rekoda ya poti 8 inaweza kuwa na bajeti ya wati 60 kwa poti zote, yaani wastani wa wati 7.5. Mchana kila kitu kinakwenda sawa. Giza likiingia, taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) za kamera zote zinawaka kwa pamoja, matumizi yanapanda, na kamera moja au mbili zinajizima na kuwaka tena usiku kucha. Ukiona kamera inakatika kila jioni muda uleule, anza kuchunguza hapo. Jumlisha wati za juu za kamera zako kama zilivyoandikwa kwenye sifa zake, kisha bajeti ya rekoda iwe juu ya jumla hiyo kwa kiasi cha kutosha.

Kuhusu kebo nina msimamo mmoja: nunua ya shaba tupu. Kuna kebo za bei ya chini zenye kiini cha alumini kilichopakwa shaba, zimeandikwa CCA. Upinzani wake wa umeme ni mkubwa zaidi, na kwenye masafa marefu ya PoE ndiko zinakoangusha watu. Kebo ikishafukiwa ukutani, kuibadilisha ni kazi ya kuvunja.

Umeme ukikatika, nyumba iko gizani na kamera zimelala, wakati ambao ulinzi unahitajika kuliko wakati wowote. Weka UPS (kifaa chenye betri ya akiba), na usiiwekee rekoda tu; swichi ya PoE na ruta navyo viunganishwe hapo. Rekoda ya wati 15 na kamera 4 za wati 5 hutumia wati 35. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, kwa hiyo kwenye karatasi ingedumu saa 2 na dakika 24. Ukitoa upotevu wa ndani ya UPS na uchovu wa betri, panga kwa nusu ya hapo. Pia UPS inailinda diski isizimwe ghafla ikiwa katikati ya kuandika.

Hatua ya 7: Hakikisha kamera na rekoda zinaelewana

Njia rahisi ni kununua vyote vya mtengenezaji mmoja. Ukitaka kuchanganya, tafuta ONVIF, mpango ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni tofauti vizungumze. Neno ONVIF peke yake halitoshi. Tazama ni wasifu upi. Profile S inahusu kusafirisha video na kwa H.264 inafaa. Profile T imeongeza H.265 na mambo ya kisasa zaidi. Profile G inahusu kurekodi na kutafuta video iliyohifadhiwa.

Hata hivyo usitarajie kila kitu. Picha kwa kawaida itakuja. Kinachopotea njiani mara nyingi ni ile akili ya kamera: kutofautisha mtu na paka, mstari wa kuvukwa, arifa za gari. Kama uliinunua kamera kwa ajili ya akili hiyo, nunua na rekoda ya mtengenezaji yuleyule. Uliza pia akili hiyo inafanyika wapi, kwenye kamera au kwenye rekoda, maana rekoda nyingi zinazotangaza utambuzi wa watu zinaweza kuufanya kwa chaneli chache tu kati ya zote.

Hatua ya 8: Funga mlango wa mtandaoni

Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilisambaa duniani kwa kujaribu tu majina na manenosiri ya kiwandani kwenye vifaa vilivyokuwa wazi mtandaoni, zikiwemo DVR na kamera. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi hilo la vifaa lilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiendesha mfumo wa majina ya tovuti (DNS), na tovuti nyingi kubwa hazikupatikana kwa saa kadhaa. Wenye vifaa hivyo wengi hawakujua lolote.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji utazame programu endeshi ya rekoda hiyo ilisasishwa lini mara ya mwisho. Ukikuta sasisho la miaka mingi iliyopita, acha. Rekoda nzuri itakulazimisha kuweka nenosiri lako siku ya kwanza. Mpe kila mwanafamilia akaunti yake ya kutazama, na akaunti ya msimamizi ibaki kwako. Fundi akimaliza kazi, badilisha nenosiri alilotumia.

Usifungue poti (njia ya kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta ili uione nyumba ukiwa mbali. Tumia VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani) kama ruta yako inaiweza, au huduma ya mtengenezaji inayounganisha simu na rekoda, ikiwa na uthibitisho wa hatua mbili. Ukiweza, tenga kamera na rekoda kwenye mtandao wao, mbali na kompyuta na simu za nyumbani. NVR zenye poti za PoE za ndani mara nyingi hufanya hivyo zenyewe kwa upande wa kamera.

Hatua ya 9: Mahali pa kuiweka

Isiwe sebuleni chini ya televisheni. Ni pahali pa kwanza mwizi atakapotazama. Kabati la juu lenye kufuli, chumba cha ndani, au dari lisilo na joto kali vinafaa, mradi hewa inapita. Joto kali si zuri kwa diski. Skrini haihitaji kuwa karibu, simu na kompyuta zinatosha kwa matumizi ya kila siku.

Ukishaziwasha kamera, tazama kila picha kwa macho ya jirani yako. Kama inaingia dirishani kwake, igeuze, au tumia kiziba cha faragha kilichomo kwenye mipangilio. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia njia ya umma haihesabiwi kuwa jambo la ndani ya nyumba tu. Sheria za kwenu zinaweza kuwa tofauti, hasa kuhusu kurekodi sauti, kwa hiyo zisome kabla ya kuwasha maikrofoni.

Hatua ya 10: Jaribu kutoa video kabla ya kuiamini

Kama muuzaji anakuruhusu, fanya jaribio hili dukani. Kama hapana, lifanye siku ya kwanza nyumbani, ungali na haki ya kurudisha mashine.

Kwanza iweke saa sawa. Washa NTP ili rekoda ijisahihishe kupitia intaneti, chagua ukanda wa saa, na hakikisha kamera zinafuata saa ya rekoda. Kabla ya kulala, mwombe mtu wa nyumbani apite getini usiku na aandike muda kwenye karatasi, tuseme saa 8 na dakika 14.

Asubuhi keti mbele ya rekoda bila kumwita fundi. Fungua kalenda, chagua tarehe, vuta mstari wa muda hadi 02:14. Je, video inaanza palepale, au unasubiri mpaka unakata tamaa? Sogeza fremu moja moja. Simamisha pale uso unapogeuka kwenye kamera. Unaonekana, au ni doa jeupe lililoungua kwa infraredi? Geuza mwelekeo wa kamera au punguza taa kama ni hivyo, na rudia usiku unaofuata.

Sasa chomeka flashi na utoe dakika tano za video hiyo. Ipeleke kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona programu ya mtengenezaji. Ikifunguka kama MP4, vizuri. Ikitoka kwa umbo ambalo ni programu yao tu inayolisoma, hakikisha programu hiyo inanakiliwa kwenye flashi pamoja na video, kwa sababu ofisa anayepokea ushahidi hatakuwa na muda wa kuitafuta. Kagua kama tarehe na saa vimebaki juu ya picha.

Mwisho, chomoa kebo ya kamera moja na uone kama simu yako inapata taarifa. Washa pia tahadhari ya diski kushindwa kuandika na ya diski kujaa, maana rekoda huendelea kuonyesha picha za moja kwa moja hata diski ikiwa imekufa, na taa ya kijani mbele yake haikuambii chochote kuhusu hilo. Kisha weka ukumbusho wa kila mwezi kwenye simu: fungua video ya siku ya mbali zaidi, hesabu ni siku ngapi zimehifadhiwa, na ulinganishe na hesabu yako ya hatua ya nne. Zikiwa pungufu, shusha kasi ya data ya kamera zisizohitaji sura kabla ya kufikiria kununua diski nyingine.